Tulipoomba Ruhusa ya Kuingia India

Msomaji mpenzi, ukiwa na kahawa yako shambani na mahindi yako ghalani, huenda wadhani kwamba habari za viza si habari zako. Hata mimi nilidhani hivyo. Nilijua kuwa viza ni ruhusa ya kuingia katika nchi ya watu, nikaona ni jambo la wafanyabiashara na wakubwa wa serikali. Kumbe ugonjwa haubishi hodi kwa wakubwa peke yao. Mwaka 2023 ulibisha hodi kwetu, wilayani Mbinga, nami nikajifunza mambo ya viza nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Leo nataka nikuchukue katika safari ile, ili siku ikikufika usijikwae pale nilipojikwaa mimi.

Mgonjwa alikuwa binti wa dada yangu, mwenye miaka 12. Alianza kwa kulalamika mgongo. Baadaye miguu ikawa mizito, hata ndoo ndogo ya maji ikamshinda. Mwisho akawa hawezi kusimama pasipo kushikwa. Madaktari walimpiga picha, wakaona uvimbe katika uti wa mgongo. Wakatuambia kwamba uvimbe ule waweza kuondolewa, lakini tusikawie, kwa maana mishipa ya fahamu ikibanwa muda mrefu huenda isipate nguvu tena. Daktari mmoja akatusaidia kuandikiana na hospitali iliyoko Chennai, kusini mwa India. Nao wakampangia siku ya upasuaji: tarehe 16 Oktoba.

Ukoo ulikutana. Kahawa ya mwaka ule ikauzwa, ng'ombe wawili wakauzwa, na majirani wakachanga. Pasipoti tatu tulikuwa tumekwisha kuzishughulikia mapema kule Songea: ya mtoto, ya mama yake, na yangu mimi mjomba. Hata mtoto mchanga huna budi kumtafutia pasipoti yake mwenyewe. Basi ilibaki viza tu.

Zamani mwombaji alipeleka pasipoti yake ubalozini, akangoja igongwe mhuri. Tarehe 27 Novemba 2014 India ilianza kuwapa watu wa nchi kadhaa ruhusa kwa njia ya intaneti, na tangu tarehe 1 Aprili 2017 limo fungu la wagonjwa. Watu wa Tanzania nao wamo katika orodha ya wanaoruhusiwa kuomba hivyo. Huendi ubalozini. Unajaza karatasi isiyoshikika kwa mkono, unalipa, na jibu linakujia kwa barua pepe. Neno hilo ni jepesi kulisema. Sasa sikiliza tulivyolitenda.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Katikati ya Septemba nilikwenda mjini, nikamkuta kijana mmoja mwenye maneno matamu. Watu wa namna yake twawaita vishoka. Akaniambia, "Shikamoo mzee. Usihangaike, mimi nina watu wangu, viza itatoka keshokutwa." Akafungua simu yake, akanionyesha ukurasa wenye bendera ya India na picha ya jengo zuri. Nikaamini. Nikampa fedha, tena nyingi. Keshokutwa ikapita, wiki ikapita, wiki mbili zikapita. Nikimpigia simu, leo mtandao ni mbovu, kesho yuko msibani. Mwisho simu yake ikawa haipatikani. Nilirudi nyumbani jioni ile nikapita nyuma ya nyumba, maana sikuwa na uso wa kumtazama dada yangu. Fedha ile ilikuwa bei ya ng'ombe mmoja kati ya wale wawili.

Msomaji, lishike neno hili kabla ya mengine yote. Ukurasa wa serikali ya India wa kuombea viza ni mmoja, nao huitwa indianvisaonline.gov.in. Tazama mwisho wake: gov.in. Zipo kurasa nyingine nyingi zilizopambwa kwa bendera na picha, na serikali ya India yenyewe huonya watu juu yake. Baadhi huchukua ada mara mbili au tatu. Nyingine huchukua fedha yako na kukuacha mikono mitupu. Bendera mtu yeyote aweza kuichora. Wewe soma herufi za mwisho.

Tarehe 2 Oktoba nikaenda tena mjini, safari hii pamoja na dada yangu na mtoto, tumekodi gari ili mtoto alale kiti cha nyuma. Kando ya stendi ya mabasi kuna steshenari ndogo, ile inayotoa fotokopi na kuuza madaftari. Mwenye duka ni binti kijana, mpole na makini. Nilimweleza yote, hata la kishoka. Hakunicheka. Alisema, "Babu, mimi nitawasomea kila swali, nanyi mtajibu wenyewe. Nisiandike neno ambalo hamjalisema." Nikaona hapo tumefika.

Akatandika kompyuta mbele yetu, akaanza na mtoto. Ndivyo ipasavyo: mgonjwa huombewa kwanza viza ya matibabu, kisha wasindikizaji huomba viza ya wasindikizaji wa mgonjwa, na katika maombi yao humtaja mgonjwa. Wasindikizaji hawazidi wawili. Bibi yake mtoto alikuwa amekwisha kufunga kanga zake katika furushi, akitaka kwenda nasi. Ilitubidi kumwambia, "Mama, India inaruhusu wawili tu." Alinyamaza, akafungua furushi, akatoa kanga moja, akasema, "Basi hii iende badala yangu."

Maswali ni mengi, msomaji, wala usiende ukiwa na haraka. Wanauliza jina kama lilivyo katika pasipoti, mji uliozaliwa, dini, elimu, kazi. Wanauliza kiwanja cha ndege utakachoshukia na siku ya kufika. Wanauliza anwani yako ya sasa na ya kudumu. Wanauliza nchi ulizotembelea katika miaka 10 iliyopita. Wanataka jina la mtu au mahali pa kukujulia huko India, na jina la mtu wa kukujulia kwenu. Wanauliza kama wazazi au mababu zako walikuwa raia wa Pakistan. Jibu ukweli, uendelee. Lipo hata swali la alama ionekanayo mwilini. Dada yangu alifikiri kidogo, akasema, "Kovu la goti la kushoto. Alianguka akikimbiza mbuzi." Mtoto akacheka pale alipolala. Nasi tukakumbuka kwamba miguu ile ilikuwa ikikimbiza mbuzi.

Kisha likaja swali la baba: jina lake, alikozaliwa, uraia wake. Baba yake mtoto alifariki mtoto akiwa na miaka 4. Dada yangu aliuliza, "Hata kama hayupo?" Binti akajibu, "Hata kama hayupo, mama. Wanataka kujua mtoto ni wa nani." Dada yangu akalitaja jina la mumewe polepole, herufi kwa herufi. Hatukuwa tumelisikia likitajwa kwa sauti siku nyingi.

Basi tulipofika kwenye barua ya hospitali, binti alisimama. Viza ya matibabu haitolewi pasipo barua ya hospitali ya India iliyoandikwa katika karatasi yao rasmi. Barua tulikuwa nayo. Lakini binti aliweka barua na pasipoti pamoja, akaweka kidole juu ya jina. Nawe wajua desturi yetu: jina la ubatizo kwetu huandikwa kwa K, na wengine huliandika kwa C. Pasipoti ilisema C, barua ikasema K, kwa kuwa mimi ndimi niliyewaandikia hospitali kwa K, kama tulivyozoea kuliandika nyumbani. Nikasema, "Mtoto ni yule yule." Akanijibu, "Babu, sisi twajua ni yule yule. Lakini yule atakayesoma hajamwona. Yeye ana herufi tu."

Maneno haya nimeyabeba mpaka leo. Kijijini jina hulindwa na watu: ukiitwa Yohane au John, jirani anakujua, mwenyekiti anakujua. Lakini mbele ya afisa aliye mbali hakuna jirani wa kukushuhudia. Shahidi wako ni zile herufi, nazo zikigombana, hakuna wa kuzipatanisha. Tukawaandikia hospitali barua pepe mchana ule ule, tukiwaomba warekebishe jina. Usiku barua mpya ikafika, ina C mahali pake.

Siku ya pili ilikuwa ya picha. India wanataka picha ya mraba, urefu sawa na upana, uso ukitazama mbele, macho wazi, bila miwani, na nyuma yake peupe pasipo kivuli. Tukatundika shuka jeupe ukutani. Mtoto hakuweza kusimama, basi mama yake alimshika kwa nyuma. Picha ya kwanza ilionyesha vidole vya mama begani. Ya pili ilikuwa na kivuli. Ya tatu mtoto alifumba macho. Ya nne ikafaa. Ukurasa wa pasipoti nao hupakiwa kwa namna ya faili ya PDF, isiyozidi kilobaiti 300. Wetu ulikuwa mzito, binti akaupunguza bila kuufifisha. Kumbuka pia kwamba pasipoti yako sharti iwe na miezi 6 au zaidi kabla ya kwisha, na kurasa 2 tupu za kugongwa mihuri.

Likabaki la kulipa. Ada si moja kwa mataifa yote. Ukurasa wenyewe utakuonyesha yako, na juu yake benki huongeza kidogo. Hulipwa kwa kadi ya benki. Kadi yangu ilikataa, kwa maana haikuwa imefunguliwa kwa malipo ya intaneti. Nikaenda benki, wakaifungua. Mara ya pili umeme ukakatika katikati ya malipo! Nilitaka tulipe tena papo hapo. Binti akanizuia: tungoje saa kadhaa tuone kwanza kama fedha imefika, tusije tukalipa mara mbili. Tulingoja. Kumbe ilikuwa imefika. Ujue tena kwamba ada hii hairudishwi, hata ukikataliwa. Ndiyo sababu husomwa yote upya, neno kwa neno, kabla ya kulipa. Na sharti maombi yawe yamelipiwa angalau siku 4 kabla ya kusafiri. Sisi tulikuwa na siku 7 tu mkononi. Wiki mbili za kishoka zilikuwa zimetula.

Wazee wa pwani walipotaka kwenda Bara Hindi, kama walivyoliita, walingoja upepo. Kusi ulipovuma majahazi yalitweka tanga kwenda huko; kaskazi iliporudi, yalirudi nayo. Walingoja miezi. Sisi tulingoja siku tatu, nazo zilikuwa ndefu. Kila asubuhi binti aliandika namba ya maombi na namba ya pasipoti ili kutazama hali. Tarehe 5 Oktoba alinipigia simu nikiwa shambani. Alisema neno moja tu: "Imekubaliwa." Zote tatu. Nilikaa chini penye mashina ya kahawa, nikashindwa hata kumwitikia.

Alitupigia chapa zile ruhusa, kila mmoja nakala mbili, kwa kuwa barua iliyomo katika simu haisaidii simu ikizimika. Tulichukua na vyeti vya chanjo ya homa ya manjano. India hukidai cheti hicho kwa watu watokao katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo au waliopita humo, na ndege nyingi za kwetu hupitia nchi za namna hiyo. Chanjo huanza kuhesabiwa baada ya siku 10, basi usiiache mpaka siku ya mwisho. Tangu mwaka 2016 cheti chake hufaa maisha yote.

Basi tukaondoka: Songea, Njombe, Makambako, Iringa, Morogoro, hata Dar es Salaam, mtoto amelazwa juu ya godoro dogo. Tarehe 10 usiku tukapanda ndege iendayo Mumbai moja kwa moja. Ni mwendo wa saa kama sita. Alfajiri tukashuka. Saa za India ziko mbele ya zetu kwa saa mbili na nusu, nami nilishangaa hiyo nusu.

Kwenye meza ya uhamiaji yalikuwapo maandishi ya kuwaongoza wenye viza ya intaneti. Afisa mwenye masharubu alichukua alama za vidole vyetu na picha za nyuso. Kisha akaomba barua ya hospitali. Akaiweka sambamba na pasipoti ya mtoto, akapeleka kidole chake juu ya jina, kama alivyofanya binti wa steshenari. Moyo wangu ulisimama. Kidole kikafika mwisho wa jina, kikatulia. Akagonga mhuri. Akamwinamia mtoto katika kiti chake cha magurudumu, akamwambia jambo kwa lugha yake. Hatukulielewa, ila alitabasamu.

Toka Mumbai tukachukua ndege nyingine mpaka Chennai. Mji huo uliitwa Madras mpaka mwaka 1996. Uko ukingoni mwa Ghuba ya Bengal, na watu wake husema Kitamil. Una joto na unyevu kama Tanga, na pikipiki zao zapiga honi kama zimelipwa. Mgeni wa kutoka kwetu hapotei kabisa. Ukisema chai, wanaelewa. Ukisema chapati, wanaelewa. Hata neno letu gari lilitoka India, na laki tunayohesabia fedha ni yao. Fedha yao ni rupia, ambayo babu zetu waliishika mkononi zamani za Wadachi. Mwenye nyumba ya wageni alituomba mara moja kopi za pasipoti na za viza, kwa maana sheria ya huko humtaka atoe habari za kila mgeni. Nakala zile za ziada zikatufaa.

Upasuaji ulifanyika tarehe 16, kama ulivyopangwa. Ulichukua saa saba. Mimi na dada yangu tulikaa katika benchi, yeye amefunga ile kanga ya mama. Jioni daktari akatoka akatuambia kwamba uvimbe wametoa, na kwamba miguu itasema yenyewe.

Siku za kungoja nilitembea kidogo. Jumapili moja nilifika San Thome, kanisa jeupe karibu na bahari, lililojengwa juu ya mahali ambapo Wakristo wa huko husema alizikwa Mtume Tomaso. Jengo la sasa ni la mwisho wa karne ya 19. Nilikaa humo nikimfikiria mtume yule aliyetaka kuweka kidole chake ndipo aamini. Sikumlaumu. Tangu steshenari mpaka Mumbai vidole vya watu vilikuwa vimepita juu ya jina la mtoto wetu, nao ndio waliotufikisha.

Viza ya mgonjwa na ya msindikizaji hutoa siku 60 tangu siku ya kwanza kuingia. Sisi tuliingia tarehe 11 Oktoba, basi mwisho wetu ulikuwa tarehe 9 Desemba. Niliandika siku hizo katika daftari na kuzifuta moja moja. Siku ya 9 baada ya upasuaji kidole gumba cha mguu wa kulia kilitikisika. Siku ya 20 alisimama akishika chuma. Novemba ilileta mvua kubwa, kwa maana kule kaskazi huja na mvua, na mtoto alijifunza kutembea varandani akisikiliza maji. Tarehe 30 Novemba tukarudi, siku ya 51. Nilipenda kuondoka na akiba ya siku kuliko kuomba kuongezewa.

Mpaka leo anatembea na fimbo. Mguu wa kushoto bado ni mzito, na mbuzi sasa hukimbizwa na mdogo wake. Lakini shule anakwenda kwa miguu yake. Daktari alituambia kwamba kama tungalichelewa mwezi mwingine, asingaliahidi hata hayo. Nikazikumbuka zile wiki mbili, nami nazikumbuka kila nimwonapo na fimbo yake.

Basi msomaji, usingoje ugonjwa. Leo jioni washa taa, toa vyeti vya watoto wako: cha ubatizo, cha kuzaliwa, cha shule, na kadi ya kliniki. Viweke mezani pamoja. Weka kidole chako juu ya jina, ulisome herufi kwa herufi, ukitazama kama linapatana katika vyote. Likigombana, lirekebishe sasa, wakati hakuna anayelia kitandani. Na siku ukiambiwa kwamba viza ni jambo la keshokutwa, uliza kwanza ukurasa unaishia na herufi gani.

Safari njema.